Kijidudu Hakina Nia, Kina Masharti

Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa jamii huko Eastlands, Nairobi, mbele ya wazazi, wenye vibanda vya chakula na wahudumu wa afya ya jamii. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mama zangu, baba zangu, vijana, na ninyi wahudumu mnaozunguka nyumba kwa nyumba jua likiwaka, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua wako waliofunga vibanda ili wawe hapa, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Nianze na hesabu. Chukua bakteria mmoja wa tumboni, yule aitwaye E. coli. Mpe joto la mwili, maji na chakula. Baada ya dakika 20 hivi atakuwa wawili. Dakika 20 nyingine, wanne. Ukilala saa nne usiku ukaamka saa kumi na mbili asubuhi, wamepita milioni 16. Kutoka kwa mmoja! Sasa mnyime kitu kimoja tu kati ya vile nilivyotaja. Muondolee maji, au mpandishie joto, au mkatie muda. Hesabu inasimama.

Hilo ndilo lililonileta. Kijidudu hakikuchukii, wala hakikupendi. Hakina nia. Kina masharti: joto, maji, chakula, muda. Na anayepanga masharti hayo ni wewe, jikoni kwako, kwenye mtungi wako, kwenye gunia lako la mahindi, hata pale kwenye kaunta ya duka la dawa. Tukiugua huwa tunauliza, nani ameniletea huu ugonjwa? Leo nawaomba tuulize swali jingine: ni sharti gani tuliloliacha wazi?

Tuanze na maji, maana Nairobi ni mji wa mitungi. Bomba likikauka tunanunua kwa mkokoteni, kwa lori, kwa kioski. Huo mtungi wa lita 20 umepita mikono mingapi kabla ya kufika mlangoni kwako? Hujui. Basi yachemshe. Na hapa huulizwa swali zuri: Nairobi iko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na maji huku huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Mombasa. Je, nyuzi 94 zinatosha? Zinatosha kabisa. Vijidudu vya kuhara, vya taifodi, vya kipindupindu, vikifikishwa nyuzi 70 havidumu. Maji yakibubujika kwa dakika 1 nzima, kazi imekwisha. Ukiwa Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, yaache dakika 3. Kuchemsha nusu saa ni kuchoma makaa bure.

Mambo huharibika baada ya hapo. Maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana kinga yoyote ndani yake. Mtoto anachovya kikombe kilichokuwa sakafuni, vidole vinaingia, na ule moto wote umekuwa kazi ya bure. Kwa hivyo funika sufuria, yaache yapoe humo humo, kisha yamimine kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au chenye kibomba chini. Yamiminwe, yasichotwe. Nasema tena: yamiminwe, yasichotwe!

Klorini inashinda kuchemsha kwa jambo hilo moja: inabaki ndani ya maji ikilinda. Soma kipimo kwenye chupa yake, kwa sababu nguvu hutofautiana kati ya dawa na dawa. Pima, tikisa, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji ya matope yaache yatulie kwanza, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Tope humaliza klorini kabla haijamfikia bakteria, na ndiyo maana mtu anaweka dawa na bado nyumba nzima inahara.

Na asiye na makaa wala klorini? Sikilizeni yaliyofanyika hapa jirani, Kajiado. Katika miaka ya 1990, watafiti kutoka Ireland wakiongozwa na Ronán Conroy waliwagawia watoto wa Kimaasai chupa za plastiki zinazopitisha mwanga. Familia ziligawanywa makundi mawili. Hawa waliambiwa waweke chupa zao juu ya paa, juani. Wale waliambiwa waziweke ndani ya nyumba. Chupa ni zile zile, maji ni yale yale ya kutoka nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: watoto wa chupa za paani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Jua lilikuwa limefanya kazi ambayo hakuna aliyelipia.

Namna yake ni hii. Chupa safi isiyo na rangi, ya lita 2 au chini ya hapo. Bandua karatasi ya nje. Maji yawe maangavu kiasi cha kusoma kichwa cha habari cha gazeti kupitia chupa. Yakiwa machafu, mwanga hausafiri ndani. Ilaze juani saa 6. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku 2. Na Julai yetu hapa Nairobi mnaijua, jua linaweza kupotea wiki nzima. Julai, chemsha.

Jambo la pili ni muda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wenye vibanda mko hapa na mnalisha watu wengi kuliko mahoteli yote ya mjini.

Kuna imani kwamba chakula kilicholala kikipashwa moto sawasawa kimekuwa safi. Nusu ya imani hiyo ni kweli. Nusu ya pili inatapisha watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Uingereza, watu walianza kutapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga wa kununua mikahawani. Wali ulikuwa umepikwa ukaiva. Kisha ukaachwa usiku kucha bila baridi, kwa kuwa ukiwekwa kwenye friji hugandana na mpishi anataka punje zinazoachana. Kesho yake ukakaangwa kwa moto mkali. Moto mkali namna ile, kijidudu gani kinapona?

Kinaitwa Bacillus cereus. Kinaishi udongoni, hivyo huja na mchele tangu shambani. Kikibanwa hujifunga ndani ya ganda gumu, tunaloliita spora, na spora hiyo huvumilia maji yanayochemka. Wali ukiiva, bakteria wengine wote wamekufa. Spora imebaki peke yake, mezani, kwenye chakula laini chenye unyevu, kinachopoa polepole. Masharti yote yametimia! Inaamka, inazaana, na inatengeneza sumu. Sumu hiyo haivunjwi hata na nyuzi 121 zikikaa zaidi ya saa nzima. Sufuria yako haifiki huko. Unapoukaanga ule wali asubuhi, unawaua bakteria na kuiacha sumu yao ndani ya chakula. Mteja atatapika kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula.

Sasa tazama sufuria ya pili, ya maharagwe au nyama ya mchuzi. Hapa anayesumbua mara nyingi ni mwingine, Clostridium perfringens. Naye ana spora inayopona kwenye mchemko. Huyu hataki hewa, na mchemko umeshaifukuza hewa kutoka ndani ya mchuzi mzito, akapewa makao. Joto likiwa nyuzi 43 hadi 45, yaani sufuria ambayo unaweza kuigusa bila kuungua, anaongezeka maradufu kwa dakika zisizofika 15. Tofauti yake ni kwamba sumu yake huitengenezea tumboni mwa mlaji, baada ya kumezwa akiwa hai na akiwa wengi. Kwa hivyo huyu, ukimpasha hadi mchuzi wote ububujike, umemmaliza. Asipopashwa vizuri, mlaji ataumwa na msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, na kwa kawaida hatapiki.

Mnaona? Sufuria mbili, meza moja, usiku mmoja. Maharagwe yanaokolewa na moto wa asubuhi. Wali hauokolewi. Mwenye kibanda asiyejua tofauti hiyo atafuta meza kwa dawa kila siku na bado wateja wake wataugua.

Tufanyeje basi? Chakula kikae moto, zaidi ya nyuzi 60, yaani mvuke unatoka na huwezi kukishika. Au kikae baridi, chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo usikiache zaidi ya saa 2. Usiingize sufuria nzima ya moto kwenye friji, kwa maana katikati yake itabaki vuguvugu hadi usiku wa manane. Gawa kwenye sinia pana, kina kisichozidi vidole vitatu au vinne. Au kalisha sufuria kwenye beseni la maji baridi ukoroge, ubadilishe maji yakipata joto, kisha ndiyo uweke ndani. Huna friji? Pika wali mara mbili kwa siku, kidogo kidogo. Kilichobaki jioni wape watu kingali moto. Wali wa jana uliolala mezani utupe. Najua bei ya mchele, nami inaniuma kusema hivyo, lakini utupe.

Sharti la tatu ni unyevu, na hapa kuna jambo ambalo Wakenya hatupaswi kulisahau. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu walianza kugeuka manjano macho, matumbo yakavimba, wakafa kwa ini kuharibika. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317. Waliokufa walikuwa 125. Hakuna aliyewaambukiza. Walikuwa wamekula ugali na githeri ya mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyovunwa yakiwa na maji na kuhifadhiwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Ukungu uitwao Aspergillus flavus ulikuta unyevu na joto, ukatoa aflatoksini, ile ambayo wengine huiita sumukuvu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni mikrogramu 10 kwa kilo moja. Mle mlikuwa na mahindi yaliyozidi 1,000.

Moto wa ugali hauiondoi aflatoksini. Kusaga hakuiondoi. Na sumu hii haionekani kila mara kwa macho. Punje inaweza kuwa nzuri na ikawa nayo. Walakini punje zilizooza, zilizovunjika, zenye rangi ya kijani au kijivu ndizo huwa na nyingi zaidi, kwa hivyo kuzichagua na kuzitupa kunapunguza hatari kweli. Kukoboa pia kunapunguza, na hapo Wakamba na muthokoi wao wako mbele yetu. Mahindi yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Utajuaje bila mashine? Nawapa kipimo cha chumvi, kila anayenunua gunia sokoni akijue. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani au kikaangoni, kisha mahindi hadi thuluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika 1, iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, usiyahifadhi hayo. Isiponata, yako chini ya hapo, na uendelee kuyaanika hadi yawe makavu hasa. Kisha gunia lilale juu ya mbao, si kwenye sakafu ya saruji inayovuta maji.

Na jamani, mahindi mliyoyakataa msimpe ng'ombe! Ng'ombe akila aflatoksini, huitoa kwenye maziwa kwa sura nyingine, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Umeitupa kupitia mlango wa mbele, imerudi kwenye chai ya mtoto.

Kuna habari njema hapa pia. Ndani ya jamii ile ile ya ukungu wako wasioweza kutoa sumu. Hapa Kenya, KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Katumani hutengeneza Aflasafe: mtama uliopakwa ukungu usio na sumu. Mkulima hurusha shambani kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ukungu mzuri unakalia nafasi, ule wa sumu ukija unakuta pamejaa. Hapo ndipo mnaona kwamba kutangaza vita dhidi ya vijidudu vyote ni kukosea adui.

Mwili wako wenyewe umebeba bakteria wanaokadiriwa kuwa trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana, na chembe zako mwenyewe ni kama trilioni 30. Wanachachusha nyuzinyuzi za sukuma wiki na maharagwe ambazo wewe huwezi kuzimeng'enya, wanakupa vitamini K, wanawanyima wageni nafasi. Mala unayokunywa na ugali ni kazi yao. Lakini hata mala ina utaratibu wake. Maziwa mabichi yaliyoachwa yagande yenyewe yanaweza kubaki na vijidudu vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo, kwa maana ukali wake hauwaui wote upesi. Chemsha kwanza. Yaache yapoe hadi yasiunguze kidole wala yasiwe na joto. Kwa lita moja tia vijiko vikubwa viwili vya mala safi isiyo na sukari, funika, acha saa 16 hadi 24. Ukitia mala maziwa yakiwa bado moto, umeua wafanyakazi wako, na yatakayoyagandisha ni mengine usiyoyajua.

Kuna na huyu, nimtaje kwa kifupi kwa sababu ni wa nyumbani. Mwaka 2020, wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, walitangaza kwamba wamepata ndani ya mbu wa Kenya kijidudu kiitwacho Microsporidia MB. Mbu aliye nacho hawezi kubeba vimelea vya malaria, na mama mbu hukirithisha watoto wake. Kazi ya kukieneza bado inaendelea. Nani angefikiri kwamba mbu naye angeugua kitu cha kutufaa sisi?

Sasa tuje kwenye dawa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Februari 1941, Oxford, polisi mmoja aitwaye Albert Alexander alikuwa anakufa. Uso wake ulikuwa umeoza kwa usaha, alikuwa amepoteza jicho. Alidungwa penisilini, na ndani ya siku moja homa ikaanza kushuka, akaanza kula. Lakini penisilini yote iliyokuwapo duniani ilikuwa chache mno. Madaktari waliichuja kutoka kwenye mkojo wake na kumdunga tena. Baada ya siku chache ikaisha. Bakteria wakarudi, na mwezi uliofuata, Machi, alifariki. Dawa ilikuwa inafaa. Ilikatika kabla ya kazi kuisha.

Miaka minne baadaye, Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel, alitoa onyo. Alisema utafika wakati ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani, na mtu asiyejua atakunywa kidogo isiyotosha. Akatoa mfano wa bwana mwenye maumivu ya koo: ananunua penisilini kidogo, haiwaui bakteria, inawazoesha, anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Hiyo ilikuwa Desemba 1945. Niambieni, si kana kwamba alikuwa amesimama kwenye kaunta hapa mtaani kwetu? "Nipe za shilingi hamsini." Vidonge vinne vya amoksilini kwenye kikaratasi!

Wanasayansi wamejifunza zaidi tangu Fleming. Bakteria wa koo aliyewataja, Streptococcus pyogenes, hadi leo wanakufa kwa penisilini. Usugu, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, ulikuja kupitia wengine, na wengi wao ni wale wanaokaa tumboni na kwenye ngozi wakati unapotibu kitu kingine. Kila kidonge cha antibiotiki kinawapitia hao matrilioni niliowataja. Walegevu wanakufa, wagumu wanabaki, na hawa wagumu wanaweza kuwagawia jirani zao vipande vya vinasaba vya usugu, bakteria kwa bakteria, wa aina tofauti kabisa. Mwaka 2019, usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Kwa hivyo masharti ni mawili. Usinywe antibiotiki kwa mafua, maana mafua ni virusi na dawa hizi hazivigusi. Ukiandikiwa, kunywa dozi nzima, kwa saa zake, kwa siku ulizoandikiwa. Usipunguze, na usijiongezee.

Na kabla ya dawa, kipimo. Kipimo cha kweli. Hapa Nairobi mtu mwenye homa huchomwa kidole, anaambiwa ana "taifodi na brusela", anarudi na mfuko wa dawa. Kipimo kile cha Widal hutafuta alama za kinga katika damu, na alama hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani au wa bakteria mwingine anayefanana. Kipimo cha kuaminiwa cha taifodi ni kuotesha damu maabara, na damu itolewe kabla hujameza antibiotiki hata moja. Uliza. Una haki ya kuuliza.

Vivyo hivyo alsa, yaani vidonda vya tumbo. Mnasemaje mtaani? Ni pilipili, ni mawazo, ni kukosa kula. Madaktari wa dunia nzima walisema hivyo hivyo kwa miaka mingi. Kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikuwa wakiona bakteria waliojipinda kwenye tumbo la wagonjwa, lakini kila walipojaribu kuwaotesha maabara, hakuna kilichoota. Visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku 2. Pasaka ya 1982 watu wakaenda likizo, visahani vikasahaulika siku 5, na waliporudi bakteria walikuwa wameota. Walikuwa wanahitaji muda tu! Watu hawakuamini, na mwaka 1984 Marshall akawanywa yeye mwenyewe. Ndani ya siku chache alikuwa anatapika, na kamera iliyoingizwa tumboni ikaonyesha uvimbe na bakteria. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Nobel. Bakteria huyo ni Helicobacter pylori.

Kwa hivyo tumbo likikuchoma kila wakati, usiishi kwa omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, ya kununua kaunta. Omba kipimo cha choo au cha pumzi. Kile cha damu hakitofautishi aliye naye leo na aliyekuwa naye zamani. Na sikilizeni hili, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupata jibu la uongo: omeprazo na jamaa zake ziachwe wiki 2 kabla ya kipimo, antibiotiki wiki 4, kwa ushauri wa daktari wako. Ukizinywa, bakteria wanapungua kiasi cha kutoonekana, unaambiwa huna. Tiba ni dawa 3 au 4 kwa pamoja, kwa kawaida siku 14. Kisha upimwe tena, angalau wiki 4 baada ya kumaliza, ujue wamekwisha kweli. Wengi wenye bakteria huyu hawapati kidonda kamwe, na wako wenye vidonda vilivyoletwa na diklofenaki na brufeni za kila siku. Mwambie daktari dawa zote za maumivu unazotumia.

Namalizia na kuhara kwa mtoto, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mzazi hukimbilia antibiotiki au Flagyl, na mara nyingi hazihitajiki. Kinachomuua mtoto ni maji na chumvi kumtoka.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walilala sakafuni, na maji ya kudunga mishipani yakaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akafanya lile ambalo wengi waliliona duni: alichanganya glukosi, chumvi na magadi ya kuokea kwenye maji, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kambini vifo vilikuwa karibu asilimia 30. Kwa waliotibiwa naye vilishuka hadi asilimia 3.6. Ilifanya kazi kwa sababu utumbo una mlango ambao sukari na chumvi hupita pamoja zikivuta maji nyuma yao, na sumu ya kipindupindu haiufungi mlango huo.

Leo mchanganyiko huo huitwa ORS, na ule wa pakiti ndio bora. Lakini soma pakiti! Kuna za nusu lita na kuna za lita moja. Ya lita moja ukiitia kwenye nusu lita, chumvi inazidi na mtoto anaumia. Usipopata pakiti: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Sukari ikizidi, kuhara kunaongezeka, na ndiyo sababu soda haifai. Mtoto chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga utengeneze mwingine. Ongeza zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Aliye chini ya miezi 6 ni miligramu 10.

Na ukiona macho yameingia ndani, ukibana ngozi ya tumbo inarudi polepole, mtoto amelegea au hawezi kunywa, kuna damu kwenye choo, au choo kimekuwa kama maji ya kuosha mchele, usingoje asubuhi. Mbebe sasa hivi hadi kituo cha afya, ukimnywesha njia nzima.

Ahsanteni sana. Wahudumu wa afya wako pale nyuma na pakiti na vijiko. Piteni mkachanganye lita moja kwa mikono yenu kabla hamjaondoka, na wenye maswali njooni mbele.